Bei ya Dola ya Siku Ile

Magazeti ya kwetu, ya Dar es Salaam na ya Nairobi kadhalika, hayakosi kumpasha msomaji bei ya dola ya leo, kwamba imepanda au imeshuka, na kwa kiasi gani. Walakini bei ya dola ya siku ile, yaani siku mtu alipokopa, au alipoweka amana, au alipoahidi mahari, au alipoandikiwa mshahara, hiyo haimo magazetini wala haimo katika daftari za majumbani, ilhali aghalabu ndiyo inayomdhulumu au kumnufaisha kuliko hii ya leo. Nikiwa mkazi wa Buffalo, katika jimbo la New York, nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa sababu ya tofauti baina ya bei hizi mbili, na rai yangu, ambayo nitaieleza pasipo haraka, ni kwamba historia ya thamani za fedha si elimu ya wenye mabenki peke yao: ni kumbukumbu ya nani aliyeweza kuichagua siku ya kuvunja fedha zake, na nani aliyechaguliwa siku hiyo na mwingine.

Buffalo ni mji wa mpakani. Unakaa mwisho wa Ziwa Erie upande wa mashariki, mahali ambapo mto Niagara huanza kuteremka kuelekea kwenye maporomoko yake mashuhuri, na ng'ambo ya mto ni Kanada. Daraja la Peace Bridge, lililofunguliwa mwaka 1927, linauunganisha na mji mdogo wa Fort Erie. Pembeni mwa daraja hilo, katika mitaa ya magharibi ambayo wenyeji huiita West Side, kando ya barabara za Grant na Niagara, ndiko waliko wengi wa watu wetu: Wakongo wa Kivu, Warundi, na Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta mjini watu 278,349, kutoka 261,310 wa mwaka 2010, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mji huu kuongezeka katika miaka 70. Wakimbizi ni miongoni mwa sababu zake, na Kiswahili chao husikika madukani na katika vituo vya mabasi.

Mgeni wa mji hujifunza habari za dola mbili pasipo kufundishwa na mtu. Apewapo chenji dukani, mara nyingine hukuta katikati yake sarafu ya robo dola yenye sura ya Malkia Elizabeth upande mmoja, na upande wa pili kichwa cha mnyama wa kaskazini mwenye pembe za matawi. Mwenye duka aghalabu huipokea na kuitoa kama robo ya Marekani, wala hana haja ya kuuliza. Lakini mtu akiipeleka katika nyumba ya kufulia nguo kwa mashine, mashine huitema. Aitie tena, itatemwa tena. Tangu mwaka 2000 Kanada huzifua sarafu hizo kwa chuma cha pua kilichopakwa madini mengine, na mashine ya Marekani huijua sarafu kwa madini yake, haijali hisani ya ujirani. Basi mwenye nguo chafu hubaki na fedha ambayo binadamu waikubali na chombo chaikataa.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Katika miaka ya 1860, wakati Marekani ilipokuwa ikipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe na serikali ya Lincoln ikilipia vita hivyo kwa noti za karatasi zisizobadilishika kwa dhahabu, dola moja ya Kanada ilifikia kununua dola 2.78 za noti hizo, mwezi Julai 1864. Sarafu za fedha za Marekani, zilizofukuzwa kwao na karatasi, zikamiminika Kanada, zikapokewa na mabenki kwa punguzo, hata mwaka 1870 serikali ya Kanada ikaamua kuzikusanya na kuzisafirisha nje ya nchi. Tangu hapo dola hizo mbili zimepanda na kushuka kama mizani ya muuza dhahabu: Januari 2002 dola ya Kanada ilishuka hadi kupungua senti 62 za Marekani, na Novemba 2007, hata miaka sita haijatimia, ikapanda kwa muda hadi kupita dola moja na senti 10. Mapema mwaka 2025, kwa vitisho vya ushuru wa forodha, ikawa imeporomoka tena chini ya senti 70.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa macho na aende katika maegesho ya Walden Galleria, soko kubwa la maduka lililoko Cheektowaga, kiunga cha Buffalo. Dola ya Kanada ikiwa na nguvu, magari yenye namba za Ontario hujaa. Ikilegea, nafasi huwa tele. Mkanada hafadhaiki: aonapo bei si njema, hukaa kwake akanunua viatu huko huko Hamilton au Toronto, akasubiri. Hasara ya kusubiri kwake humwangukia mwenye duka wa upande huu. Mimi simlaumu, maana ana uhuru wa kuchagua siku, na mwenye uhuru huo ni haki yake kuutumia. Nataka tu tumtazame vizuri kabla hatujamtazama jirani yetu wa West Side.

Kwa maana jirani yetu hana siku ya kuchagua. Mtoto wa dada yake huko Mombasa hafukuzwi shule siku ambayo dola ni ghali. Hufukuzwa siku ambayo karo haijalipwa. Mwezi Januari 2024, shule za Kenya zilipofunguliwa, dola moja ilikuwa ikinunua takriban shilingi 160, na aliyetuma dola 200 kutoka Buffalo alimfikishia nduguye shilingi zipatazo 32,000. Februari serikali ya Kenya ikapata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, hofu ya wafanyabiashara ikatulia, shilingi ikapata nguvu, na kufikia Aprili bei ilikuwa takriban 130. Dola zile zile 200 zikawa shilingi 26,000. Karo haikupungua kwa shilingi 6,000, wala saa za kazi ghalani Buffalo hazikupungua. Na huko nyumbani wako waliodhani kwamba mjomba ameanza kubana mkono. Ongeza hapo kwamba wakala anayetangaza kutuma bila ada hujilipa ndani ya bei ya kubadilishia, ambayo huwa chini ya ile ya benki kuu, na kwamba tangu tarehe 1 Januari 2026 serikali ya Marekani hutoza asilimia 1 kwa anayetuma kwa fedha taslimu, na hao ndio aghalabu wasio na hesabu za benki.

Hapa nitie neno la kando. Wako wenzetu wanaodhani kwamba wingi wa shilingi kwa dola moja ni fedheha ya taifa. Yeni ya Japani huhesabiwa kwa mia na zaidi kwa dola moja, na Wajapani hawaoni haya. Kanada ilipofika senti 62 haikufa njaa. Ubaya haumo katika ukubwa wa namba. Umo katika kubadilika kwake baina ya siku ya ahadi na siku ya kulipa, na katika mtu anayebebeshwa mabadiliko hayo.

Tuchukue mwaka 1949, mwaka ambao Kanada na Afrika Mashariki zilipitiwa na dhoruba moja. Siku ya Jumapili tarehe 18 Septemba, Uingereza ilitangaza kwamba pauni yake, iliyokuwa ikinunua dola 4.03 za Marekani, sasa itanunua dola 2.80 tu. Kanada, ambayo dola yake ilikuwa sawasawa na ya Marekani tangu mwaka 1946, ilikaa ikapima maslahi yake, kisha ikaishusha yake kwa kadiri iliyoipenda, asilimia zipatazo 9, wala haikuifuata pauni hadi chini. Shilingi ya Afrika Mashariki haikukaa wala haikupima. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa London, ilikuwa imeifunga shilingi kwa pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, na kwa hiyo dola iliyokuwa ikipatikana kwa pungufu ya shilingi 5 ikawa, kwa usiku mmoja, shilingi 7 na senti 14. Hakuna aliyeulizwa Unguja, wala Tanga, wala Kampala. Hiyo 7.14 ambayo wazee wetu waliikariri kama jedwali la kuzidisha haikutokana na mahindi wala karafuu wala pamba yetu. Ni 20 ikigawanywa kwa 2.80, basi.

Mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zilianza kutoa kila moja shilingi yake, na Novemba 1967 pauni iliposhushwa tena, safari hii hadi dola 2.40, nchi hizo tatu zilikataa kufuata. Dola ikabaki 7.14, na pauni ndiyo iliyoporomoka kwetu ikawa shilingi 17 na senti 14. Nadhani tukio hilo halipewi haki yake katika vitabu vya mashule. Watoto wetu hukaririshwa tarehe za bendera na nyimbo za taifa, na wanastahili kuzijua. Lakini siku ile ndiyo nchi hizo zilipochagua kwa mara ya kwanza siku yao wenyewe ya fedha.

Na kabla ya yote hayo kulikuwa na habari ya rupia, ambayo kwangu ndiyo iliyo nzito kupita zote. Pwani na bara ya Kenya, kama Unguja, ilitumia rupia ya Kihindi, na rupia hiyo ilikuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, yaani rupia 15 kwa pauni. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na rupia ikapanda pamoja nayo ikapita shilingi 2. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni, badala ya kuirejesha ilikotoka, iliifunga kwa shilingi 2 kamili, ikaleta sarafu iliyoitwa florini, na mwaka uliofuata ikaiondoa florini na kuleta shilingi. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki, ambalo jana lilikuwa pauni 100, leo alidaiwa pauni 150, ilhali kahawa na katani yake aliziuza London kwa pauni. Walowezi wakapiga kelele, na kwa upande wa hesabu walikuwa na haki.

Tazama sasa walivyoitua hasara hiyo. Mwaka 1921 waajiri waliafikiana kupunguza mishahara ya vibarua wa Kiafrika kwa theluthi. Ukipiga hesabu utaona kwamba thamani iliyoongezeka kwa nusu, kisha ikapunguzwa theluthi, hurudi pale pale ilipokuwa. Kwa hiyo mlowezi aliweza kusema, na karatasi ikamsadiki, kwamba kibarua hakupoteza hata peni ya Kiingereza. Lakini kibarua hakununua shuka kwa peni ya Kiingereza. Na kodi ya kibanda, iliyokuwa imepandishwa hadi rupia 8, haikupunguzwa theluthi: iligeuzwa kuwa shilingi 16, kwa bei mpya, timamu. Mshahara ulihesabiwa kwa bei ya kale na kodi kwa bei mpya, na mtu ni mmoja. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, pahali ambapo hesabu hizo hazikuwa siri, ndiye aliyeongoza malalamiko. Akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi, wakafa zaidi ya 20. Mwaka huo huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Wakongo wa Buffalo wana historia iliyo kali zaidi, na wazee wao huisimulia kwa kicheko ambacho si cha furaha. Juni 1967 Mobutu alipoleta sarafu ya zaire, zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za kale zikahesabiwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikahesabiwa faranga moja. Kwa hiyo aliyefukia zaire chini ya kitanda tangu siku ya kwanza angehitaji zaire bilioni 300 apate faranga moja, na faranga hiyo leo haifiki hata sehemu moja ya elfu mbili ya dola. Mwanzoni mwa 1993 askari waliolipwa mshahara kwa noti ya zaire milioni 5, ambayo wafanyabiashara walikataa kuipokea, waliasi Kinshasa, na balozi wa Ufaransa akauawa katika ghasia hizo. Askari wale nao walikuwa wamechaguliwa siku yao.

Haishangazi basi kwamba watu wa Kivu walihamia katika dola wenyewe, bila ya amri ya serikali. Ila dola ya Bukavu si dola ya Buffalo. Hapa noti iliyochakaa, iliyokunjwa mara nne, iliyoandikwa namba ya simu ya mtu kwa kalamu, hupokewa na kila mwenye duka; kule noti ile ile ikiwa na mpasuko mdogo wa pembeni, usiofika ukucha, hukataliwa, au hupokewa kwa punguzo. Msafiri anayerudi kutazama wazazi huenda benki mapema kuomba noti mpya, akazibeba zimenyooka ndani ya kitabu, kana kwamba ni hati ya shamba.

Nafika sasa kwenye ugomvi nilioutaja mwanzo. Mtu alimkopesha nduguye shilingi 10,000 za Tanzania mwaka 1985. Leo nduguye, ambaye Mungu amemfungulia, anataka kulipa, na analeta shilingi 10,000. Kwa bei ya serikali ya wakati ule, ambayo ilikuwa takriban shilingi 17 kwa dola, mkopo ulikuwa wa dola zisizopungua 550. Leo fedha hizo ni dola zipatazo 4. Mkopeshaji akidai dola 550, mkopaji atamjibu, na atakuwa anasema kweli, kwamba mwaka 1985 hapakuwa na mtu wa kawaida aliyepata dola kwa shilingi 17; bei hiyo ilikuwa ya karatasi, na walanguzi waliuza dola kwa mara kadhaa zaidi. Serikali ya Mwalimu ilikuwa imekataa kwa miaka kuishusha shilingi, hata Edwin Mtei akajiuzulu Uwaziri wa Fedha mwaka 1979 kwa kutofautiana naye juu ya mashauri ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ilishushwa hadi 17 mwaka 1984, na chini ya Mzee Mwinyi mwaka 1986 ikafika 40, na haikusimama. Kwa hiyo hata mwenye kulipekua jedwali la kale hana budi kuuliza: hii ni bei ya dirisha gani? Jedwali la serikali huhifadhi bei iliyotangazwa. Bei iliyolipwa hufa na waliolipa.

Mafakihi wetu waliyajadili haya zamani sana, kabla ya kuzaliwa noti. Imamu Abu Hanifa aliona kwamba aliyekopa fulusi za shaba, kisha thamani yake ikabadilika, hurejesha idadi ile ile. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akaona kwamba itazamwe thamani ya siku ya mkataba. Katika karne ya 19 Ibn Abidin wa Dameski aliandika risala nzima juu ya mas-ala haya, maana sarafu za zama zake zilikuwa zikipandishwa na kushushwa kwa amri za Sultani. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Lakini kwa kadiri ya akili yangu, noti ya leo imefanana zaidi na fulusi kuliko dinari, na insafu imekaa karibu na Abu Yusuf. Na pale ambapo bei ya siku ile haijulikani kwa yakini, hasara na igawanywe nusu kwa nusu, kwa kuwa wote wawili hawakuisababisha.

Kilicho bora ni kutofikishana huko. Anayekopesha au kuahidi na aandike mambo matatu: kiasi, aina ya fedha, na bei ya siku hiyo pamoja na mahali ilipochukuliwa. Na magazeti yetu, yanapochapa bei ya dola ya leo, yachape kando yake bei ya tarehe kama hiyo mwaka uliopita na miaka 10 iliyopita. Ni mstari mmoja tu, na benki kuu zetu zinazo namba hizo. Najua kuna watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuwazoesha watu kuhesabu kila kitu kwa dola, jambo ambalo Tanzania imelipiga marufuku katika biashara za ndani kwa kanuni za mwaka 2025. Hoja hiyo ina uzito, na mimi naiunga mkono marufuku yenyewe, kwani mpangaji wa Sinza hana sababu ya kudaiwa kodi kwa fedha ya Washington. Lakini kujua bei si kuuza kwa bei hiyo, na mtu asiyeijua ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1921 alihesabiwa mara mbili.

Chama kimoja cha kuzikana cha hapa Buffalo, ambacho wanachama wake huchanga kwa dola, kilikuwa kimeandika katika katiba yake kwamba familia ya marehemu iliyoko Kigoma italetewa rambirambi ya shilingi kadha wa kadha, kiasi ambacho siku kilipoandikwa kilitosha kununua ng'ombe, na baadaye hakikutosha hata mbuzi mzuri. Katika mkutano mkuu walibishana jioni nzima. Mwisho waliazimia kwamba kiasi kiandikwe kwa dola, kwamba bei ya siku ya kutuma iandikwe pembeni, na kwamba familia yenyewe iambiwe mapema ili ichague siku ya kuzivunja. Mweka hazina alilalamika kwamba daftari lake halina nafasi ya safu nyingine. Akanunuliwa jipya.